Shosho Nyaguthii Amezaliwa

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Daftari jipya. Lina picha ya twiga kwenye jalada, sijui twiga alifikaje Dubai. La zamani liliishia kwenye malalamiko ya miguu kuvimba. Hili naanza na habari njema, na nimeibeba tangu saa nne asubuhi mpaka taya zinaniuma kwa kucheka peke yangu.

Ivy amepita! Filamu yao imechukuliwa na tamasha kubwa huko Ulaya. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa dakika nne, na tatu kati ya hizo ni mayowe tu. Niliusikilizia stoo, katikati ya makreti ya machungwa. Nikacheza. Sir Mohannad, msimamizi wetu, akaingia kutafuta mirija akanikuta mikono iko juu. Akauliza kama nimeona panya. Nikamwambia hapana sir, ni furaha. Akasema furaha ni sawa, lakini yalla, kaunta ina foleni.

Kazi yangu nayo iandikwe, maana daftari ni jipya: nakamua juisi uwanja wa ndege, ndani kabisa, wanakopita wasafiri wa kubadilisha ndege. Mwaka wa sita huu. Nusu ya dunia imekunywa embe langu.

Na sasa sehemu iliyonikalisha juu ya kreti: Ivy anapitia hapa. Ijumaa tarehe kumi na tisa, saa sita za kungoja ndege nyingine, kwenye ghorofa ninayofanyia kazi. Nilipoondoka nyumbani alikuwa na miaka kumi na tisa, anaitwa Hudson, na alinibebea sanduku mpaka barabarani. Sasa ni Ivy. Ni mwanamke, ni trans kama wanavyojiita wenyewe, na yuko kwenye sinema. Miaka sita sijamtia machoni, isipokuwa kwenye simu.

Jovia anataka kuzima taa. Mengine kesho.


Jumanne, 2 Oktoba

Bango limefika! Nimelikuza kwa vidole mpaka nikahesabu kucha.

Wanawake watatu, weusi, wote trans, wamekaa kwenye kizingiti cha saluni. Mmoja anasuka mwingine. Wa tatu ana mandazi mkononi na anacheka mdomo ukiwa umejaa — huyo ndiye wetu. Hakuna anayelia. Hakuna aliyefichwa gizani. Jua limewapiga usoni waziwazi na wameliacha. Chini, majina. La kwanza la mtu nisiyemjua, la pili: Ivy Nyaguthii. La pili! Si kule mwisho pamoja na walioleta chai.

Jovia alichungulia juu ya bega langu. Jovia ni Mganda wa Masaka, fundi wa saluni, tunaishi chumba kimoja hapa mtaa wa JVC, tumetenganishwa na pazia na mapenzi yake ya redio. Akauliza, huyu mrembo ni nani?

Nikasema, "Dada yangu."

Limetoka lenyewe. Miaka yote nimekuwa nikisema "mdogo wangu" na kumwachia kila mtu ajaze anavyopenda. Ni uoga huo, hauna jina lingine. Jovia hata hakushtuka. Alichotaka kujua ni nani anayemtengeneza nyusi.

Nimemuuliza Ivy filamu yenyewe inahusu nini. Akasema saluni. Wanasuka watu, wanagombana na mwenye nyumba, wanapika, mmoja anapata mchumba, basi. Na mwisho je? Mwisho, akasema, nafunga duka naenda nyumbani.

"Hufi?"

Alicheka sana, kwa sababu alijua ninachouliza. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukiangalia video kwa Gerishom, mtu pekee kijijini aliyekuwa na jenereta. Mtu wa namna ya Ivy akitokea kwenye filamu, ni mawili: chumba kizima kitamcheka, au ataokotwa mtaroni kabla ya dakika kumi kuisha. Hudson alikuwa akitoka nje kabla, eti anaenda kukojoa. Nilidhani ana shida ya kibofu. Mimi huyo, dada mkubwa mwenye akili.

Kule tamashani kutakuwa na jioni nzima ya kuwasherehekea wanawake weusi kama yeye walio kwenye filamu. Mmoja anatoka Brazil. Mwingine anatoka Atlanta, ana miaka sitini na ushee, ameigiza tangu hatujazaliwa, na ni juzijuzi tu wameanza kuandika jina lake analolitaka. Ivy alirudia mara mbili: "Sitini, Wamuyu. Sikujua huwa tunafika huko."

Nimekaa na sentensi hiyo jioni yote. Imenichoma.


Ijumaa, 5 Oktoba

Kanisani. Huku Bwana amehamishia ibada Ijumaa, maana Jumapili watu wako kazini, na sijasikia akilalamika.

Jovia hana breki. Kabla ya wimbo wa pili nusu ya kina mama walishajua nina dada staa, na baada ya ibada Teresiah alikuwa ameninyang'anya simu.

Teresiah ni mlinzi kwenye duka kubwa, analala makazi ya kampuni kule Al Quoz, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu. Kikundi kina sheria moja: mwenzetu akipata jambo jema, tunakata keki baada ya kanisa. Mtoto amefaulu, keki. Visa imetoka, keki. Juzi Masuda alipona jino, keki. Na Teresiah ni wa kwetu kabisa, Mukurwe-ini, kijito kimoja tu kati ya boma lao na letu. Ana miaka kumi na moja huku lakini bado anajua mbuzi wetu kwa majina.

Akavaa miwani. Akasoma polepole. "Ivy... Nyaguthii." Akanitazama. "Nyaguthii si ni mamake mamako?"

Ndiye.

Akaanza kuhesabu kwa vidole pale mlangoni. Kwetu mtoto hapewi jina tu, anarudisha mtu. Mvulana wa kwanza ni babake baba — huyo ni kaka yetu Harrison. Wa pili ni babake mama, Mzee Muchiri — ndiye Hudson. Msichana wa kwanza ni mamake baba — ndiye mimi, Wamuyu. Msichana wa pili ndiye angekuwa mamake mama. Na msichana wa pili hakuja. Kwa hivyo Shosho Nyaguthii, nyanya yetu aliyemlea Mama peke yake mzee alipofariki na kumsomesha kwa kuuza viazi, hakuzaliwa.

Mama hakuwahi kulalamika. Lakini ng'ambo ya kijito mamake Teresiah alikuwa akimwita binti yake mdogo "mama", kama wafanyavyo wote waliomrudisha mama yao. "Mama, leta ndoo!" Anaitwa hivyo mtoto wa miaka minne. Na Mama yangu, popote alipo, alikuwa akisimama kidogo, jembe mkononi, halafu anaendelea.

Teresiah akamaliza vidole. Uso ukafunguka. "Mamako alilea msichana. Mimi nikiwa huku, mamako akachukua mtoto wa kulea akamrudisha mama yake. Na hamkuniambia!"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nilikuwa na nafasi, nilikuwa na pumzi. Nikaitikia kwa kichwa tu. Sikusema ndiyo, kichwa kilijisemea.

Machozi yakamtoka Teresiah. Akatangaza palepale: tarehe kumi na tisa, keki yenye picha ya bango, na jina Nyaguthii. Na Mama atapigiwa simu, atawekwa kwenye spika, apigiwe vigelegele.

Nimekuja nyumbani bila kumsahihisha.


Jumapili, 7 Oktoba

Nimempigia Mama, kama kila Jumapili. Nilijiandaa. Niliandika hata maneno nyuma ya mkono.

Mama na Ivy hawajaongea miaka minne. Ivy alikwenda nyumbani Krismasi moja amevaa gauni. Mama hakumfukuza. Alimpikia chai, akamwekea maziwa mengi, akakaa mbele yake, akaangalia kikombe mpaka kikaisha. Tangu hapo akitaka kumtaja husema "yule wa Nairobi". Jina Nyaguthii halijui kabisa. Ivy alijichukulia baadaye, akaniambia mimi peke yangu.

Leo Mama amenieleza juu ya mvua, juu ya kuku aliyeatamia mayai ya bata, juu ya mabati mapya ya Harrison. Kila nikifungua mdomo anapata kuku mwingine. Mwishowe akaniuliza kama ninakula vizuri. Nikasema ndiyo Mama. Akasema haya.

Nimenawa mkono.


Jumatano, 10 Oktoba

Siku ya mapumziko. Nimekwenda soko la Al Ras na Jovia kumtafutia Ivy kilemba cha ile jioni yake. Wapagazi wanakukimbiza na mikokoteni yao ya magunia ya iliki, unatembea kama mwizi.

Duka la vitambaa la Bi Amna. Ni mtu wa Unguja, aliletwa huku na babake angali msichana, na Kiswahili chake ni kisafi mpaka naona haya kufungua mdomo. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, wanangu, mwamtakia nani?

Dada yangu. Anakwenda kuonyeshwa kwenye sinema.

"Nionyeshe nimtazame rangi yake."

Nikampa simu. Alilitazama bango muda mrefu, na nikaanza kupanga uongo wangu. Bi Amna si mtoto. Lakini alichosema ni, "Huyu msimtie buluu hiyo mliyoishika. Mtie zafarani. Mweusi wa kuiva namna hii akivaa zafarani, taa zao hazina kazi." Akakata mwenyewe, akakunja, akaifunga kwa karatasi.

Tulipofika mlangoni akaniita. "Mwambie ajifunge kwa nyuma. Na asiinamishe shingo."

Alijua? Sijui. Jovia anasema nisipende kuwasoma watu kama barua.


Ijumaa, 12 Oktoba

Khalas. Siri imepasuka.

Teresiah hakungoja tarehe kumi na tisa. Juzi alimpigia Mama kumwambia siku hiyo simu iwe na chaji, na kwa kuwa ni Teresiah, akampongeza kabisa kwa kumrudisha Nyaguthii. Mama akauliza, "Hilo jina umelitoa wapi?" Teresiah akasema kwa Wamuyu, si ni yule msichana mliyemlea. Mama akasema, "Mimi sijalea msichana." Simu ikakatika.

Amenieleza haya kwenye ngazi za nje ya kanisa, mkoba ameukumbatia kifuani. "Umenifanya mwongo kwa mamako, Wamuyu. Mimi nimekukosea nini?"

Ni kweli tupu.

Akaomba simu. Akakuza bango, si jina safari hii, uso. Akaweka kidole kwenye unyusi wa kushoto, palipo na kovu. Hudson alianguka kutoka kwa mkokoteni wa ng'ombe siku ya Shule ya Jumapili, na mwalimu aliyemfunga kitambaa alikuwa Teresiah.

"Huyu ni Hudson."

"Ni Ivy," nikasema. "Hudson ni zamani. Ni dada yangu, Teresiah, na jina ni lake."

Basi. Limesemwa, kwa sauti, mbele ya Mkenya wa kijijini kwetu, mchana kweupe. Najua tuko wapi. Najua maneno haya katika mji huu si ya kusemea ngazini. Daftari hili kuanzia leo litalala ndani ya kopo la unga.

Teresiah akavua miwani. Nilingoja Sodoma na Gomora. Akaniuliza: "Na Mzee Muchiri? Sasa Mzee Muchiri ameachwa bila mtu?"

Karibu nicheke. Katika dhambi zote ambazo angeweza kuokota, ameokota hiyo. Lakini yeye hakuwa akicheka. Kwake hilo si jambo dogo — kumtoa mtu mzima kwenye ukoo kama anayehamishwa chumba. Akaondoka kupanda basi la Al Quoz bila kuniaga.

Jovia alisikia kila kitu kutoka ngazi ya juu. Tulipofika nyumbani akasema, "Kwa hivyo nyusi ni zake mwenyewe, hajapaka?" Nikasema ni zake. Akasema Mungu ana upendeleo, akaenda kupika matoke. Nilimkumbatia kwa nyuma mpaka akalalamika kwamba ameshika kisu.


Jumamosi, 13 Oktoba

Hakuna keki. Teresiah ameandika kwenye kikundi: "Sherehe ya 19 imesimama kwanza." Hakutoa sababu. Ni mtu wa heshima, hata akikasirika.

Nimemweleza Ivy yote. Nilidhani atanitukana. Aliuliza tu Mama alisikikaje aliposikia jina. Nikamwambia sikuwepo.

Swali la Mzee Muchiri nalo nikampelekea. Jibu lake, neno kwa neno, liwe hapa: "Muchiri sijamtoa. Bado ni jina langu la katikati. Yeye na Nyaguthii waliishi nyumba moja hadi mzee alipofariki, hawawezi kushindwa kukaa kwa mtu mmoja."

Nimemtumia Teresiah hiyo. Amesoma. Hakujibu.


Jumanne, 16 Oktoba

Andika yote, Wamuyu, usiruke kitu.

Saa kumi na moja jioni kengele ya mlango. Teresiah, na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja. Ametoka Al Quoz mpaka JVC kwa mabasi mawili kurudisha bakuli ambalo nilimpa mwezi wa tano. Bakuli la plastiki.

Akakaa. Chai. Akasema hakuja kwa mambo yale. Sawa. Akasema anavyojua yeye Mungu hakosei. Nikasema hata mimi naamini hivyo, ndiyo maana Ivy yuko hai. Akaangalia chai.

Sasa, jana Ivy alikuwa amenitumia kipande cha filamu, dakika mbili. Jovia, asiye na breki, Mungu ambariki, akakiweka kwenye simu yake kubwa na kuisimamisha kwenye sukari. "Mama Chairlady, angalia kwanza ndio ukasirike vizuri."

Ni jikoni, nyuma ya saluni. Wale wawili wanabishana juu ya mteja. Ivy ana leso kiunoni, yuko kwenye jiko la makaa, mgongo kwetu. Anageuka, anasema maneno mawili ya kuwanyamazisha, anafikia sufuria. Kabla ya kufunua anagonga kifuniko kwa kidole. Mara mbili. Halafu anafunua.

Teresiah akaweka kikombe chini.

"Rudisha."

Jovia akarudisha. Mara mbili, ngo ngo, kama mtu anayebisha hodi kwa chakula. Mimi nilikuwa nimekiangalia kipande hicho mara ishirini na sikuona kitu. Shosho Nyaguthii nilimjua akiwa amelala kitandani tu. Teresiah alimjua akiwa na nguvu — alikula kwake kila Jumamosi soko likiisha. Akasema Shosho alikuwa akigonga sufuria hivyo hivyo. Watoto walikuwa wakimcheka, wakimuuliza anamwamsha nani humo ndani. Anajibu, mnaingia kwa watu bila hodi nyinyi?

Hudson hakuwahi kuyaona hayo. Alikuwa mchanga. Nimemuuliza Ivy kama alifundishwa na mtu, kama mwongozaji alimwambia. Hapana. Huwa anagonga tu. Hata mwongozaji alimuuliza kwa nini.

Teresiah aliangalia mara tano. Hakulia, hakuhubiri. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwa Kikuyu, kwamba huyu ni Nyaguthii. Kisha akauliza kama kuna sukari zaidi.

Alipokwisha kuondoka ndipo Jovia akanionyesha: Teresiah amejitumia kipande kile kutoka simu ya Jovia. Na kutoka kwake amekituma Mukurwe-ini. Kwa Mama. Bila kuniuliza!

Nimempigia. Anasema, "Nilimwambia uongo, si lazima nimpeleke ukweli?"


Alhamisi, 18 Oktoba

Mama ameona. Teresiah amenitumia picha ya alama zile mbili za buluu, za kuonyesha amefungua. Tangu Jumanne jioni. Hajajibu yeye, hajajibu mimi. Mama mwenye kuku wa kila habari hana neno.

Mambo ya kesho. Kadi yangu ya kazi hainifungulii mlango wa ndani siku isiyo ya zamu, na Ijumaa ni yangu ya kupumzika. Kwa hivyo nimebadilishana na Agneta, dada wa Moshi, nimempa Ijumaa yangu na Jumatano ijayo, na amecheka akidhani nina bwana anayepita. Nimemwacha adhani.

Ivy anashuka saa nane kasoro dakika kumi mchana. Ndege ya pili ni saa mbili usiku. Atavaa trakisuti ya kijivu na kofia nyeusi, nywele zote ndani, kwa sababu pasipoti bado inasema Hudson na inasema mwanamume. Ndiyo inayonikosesha raha. Wanaobadilisha ndege wanakaguliwa upya, kuna mlango, kuna mtu wa kuangalia pasipoti halafu uso halafu pasipoti tena. Huwa nawaona wakivutwa kando kwa mkono, kwa adabu kabisa, "just a moment, sir". Wengine wanarudi baada ya dakika tano. Wengine sijui.

Ivy anasema amefanya mazoezi ya uso wa Hudson kwenye kioo. Eti ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuigiza, na hakuna atakayempa tuzo.

Zafarani ya Bi Amna iko kwenye mkoba wangu. Teresiah ameandika kwenye kikundi sasa hivi: "Keki iko. Nimesema waandike jina tu, bila picha." Masuda ameuliza nani huyo Nyaguthii. Teresiah amejibu: "Mtu wa kwetu. Amefika mbali."


Ijumaa, 19 Oktoba

Kaunta. Saa nane na dakika arobaini. Naandika kwenye daftari chini ya mashine ya machungwa, Sir Mohannad yuko chakula cha mchana, au alikuwa, atarudi wakati wowote.

Imetua. Dakika hamsini sasa! Ujumbe wake: "Nimeshuka. Foleni ya ukaguzi." Kisha hakuna. Nimemwandikia mara tatu, alama moja tu ya kijivu, haujamfikia. Labda mtandao. Labda foleni. Ndege ya Guangzhou imeshuka pamoja nao, hiyo peke yake ni watu mia tatu na mizigo ya mkononi. Labda.

Picha ya keki imefika kutoka kanisani. Nyeupe, maua ya njano, NYAGUTHII kwa herufi za chokoleti, na upande wa A mbili za kwanza... hapana, A ni moja tu, hebu nitulie. Kona tayari imeliwa. Teresiah ameshika kisu, kofia ya kanisani, amesimama wima kama yuko langoni kazini.

Nimemmwagia Mchina juisi ya karoti. Amesamehe.


Saa tisa kasoro tano

Mama amepiga. Mama hapigi! Miaka sita mimi ndiye napiga, Jumapili, na yeye anapokea akiwa amekaa kwenye kiti kilekile. Botim, simu ya mtandaoni, ikalia na picha yake, nikadhani kuna msiba.

"Wamuyu. Uko kazini?"

Niko Mama.

"Nimeona ile kitu Teresiah alituma."

Ndiyo Mama.

Nasikia upepo wa nyumbani. "Ile sufuria alikuwa amepika nini?"

Nikasema sijui, ni filamu.

"Ilikuwa inachemka sana. Moto mwingi. Mama hangeacha ichemke hivyo, angetoa makaa mawili."

Nikasema nitamwambia.

Mteja anaomba embe bila barafu, na mimi nakamua kwa mkono mmoja, simu begani. Halafu Mama akauliza, kama anayeuliza kama mvua imenyesha:

"Mamangu amefika?"

Sikumuuliza nani. Ningeuliza ningelia juu ya embe la mtu. Nikamwambia, "Bado, Mama. Yuko kwenye foleni."

"Ni foleni ndefu?"

"Ni ndefu kidogo."

"Basi nitangoja. Usikate. Kuku wameingia kwenye mahindi, nawafukuza narudi."

Hajakata. Simu iko juu ya kaunta, wazi, kati ya mirija na leso za karatasi. Nasikia akiwafokea kuku wa Mukurwe-ini hapa Dubai. Nimekamua glasi moja ya embe, nzito, isiyo ya mtu, nimeifunika. Mkoba uko kwa miguu yangu na zafarani iko juu juu, rahisi kutoa.

Ngazi ya umeme imeanza kuleta watu. Ni wa Nairobi, nawajua kwa masweta. Mama mwenye mtoto mgongoni. Wanaume wawili wa suti. Watawa. Msichana na gitaa. Sir Mohannad naye huyo anakuja kutoka upande wa pili, anaangalia saa yake.

Mama amerudi kwenye simu. Anahema kwa kukimbiza kuku.

Kofia. Kofia nyeusi, chini kabisa ya ngazi, na kando yake mtu wa sare. Sijui wako pamoja au wamekutana tu kwenye ngazi. Ameinamisha shingo. Mama anauliza, "Sasa je, amefika?" — inua shingo, Nyaguthii, inua nione —